SOMO: Kuandika mipaka ya mahali ndani ya fishi ya mradi na ya mashamba



Kila dosie ya mradi iko na ukurasa wa kwanza. Pale tunaandika jina la mradi, jina la koperative, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, hesabu ya wanamemba, na mazao: kahawa, kakao, maharagwe, viazi. Halafu kuko mstari moja unaosema «Mahali». Koperative nyingi zinaandika pale neno moja tu: «Lubero», ao «Beni», ao «Kalehe», kisha wanafunga dosie.

Neno hilo moja halitoshi. Teritwari ya Lubero peke yake ina karibu kilometa za mraba elfu 18, ni kusema zaidi ya nusu ya nchi ya Rwanda. Mtu aliye mbali akisoma «Lubero» hajui kama mashamba yenu yako mlimani kwenye kahawa, ao chini karibu na ziwa Edouard, ao magharibi ndani ya pori. Na majina ya vijiji yanarudia: kijiji kimoja kinaweza kuwa na jina sawa na kingine cha grupama nyingine.

Somo la leo linaonyesha namna ya kuongeza mipaka ya mahali ndani ya fishi, kwa namba ambazo kila mtu anaweza kuzihakikisha. Mwalimu wa kikundi anaweza kulisoma kwa sauti na kufanya zoezi la mwisho pamoja na wanamemba.

Juu ya nini jambo hili linatugusa mfukoni

Kuko sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115. Inahusu mazao saba: kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe, pamoja na vitu vinavyotengenezwa kutoka kwao. Tarehe ya kuanza kuitumia imesogezwa mbele, lakini wanunuzi wamekwisha kuanza kuomba habari zake. Inasema mambo mawili makubwa. La kwanza: zao lisitoke kwenye udongo ambapo pori lilikatwa nyuma ya tarehe 31 Desemba 2020. La pili: zao liwe limelimwa kwa kufuata sheria za nchi yenyewe. Ili kuhakikisha hayo, mnunuzi anapaswa kuonyesha shamba liko wapi, kwa latitudi na longitudi, na kila namba iwe na tarakimu 6 nyuma ya nukta.

Shamba lisilopita hekta 4 linaweza kuonyeshwa kwa nukta moja. Likipita hekta 4, lazima mipaka yake yote ionyeshwe. Hekta 4 ni sawa na uwanja wa metre 200 kwa metre 200. Wengi wetu wa Kivu tuko chini ya hapo, wengine hata chini ya nusu hekta. Kwa hiyo nukta moja inatosha kwa sheria, lakini mipaka kamili inatusaidia sisi wenyewe, kama tutakavyoona.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mpya kazini, nilituma orodha ya mashamba ya kahawa ya koperative moja ya upande wa Lubero. Nilisahau alama ndogo ya kutoa mbele ya latitudi. Kwa mnunuzi, mashamba yale yakaonekana yako Butembo, katikati ya mabati ya nyumba. Akauliza: «Hii kahawa inapandwa juu ya mabati?» Kahawa ilikuwa imekwisha kuoshwa na kukauka, iko katika depo, na malipo yakangoja mpaka niliposahihisha orodha yote. Wanamemba walikuwa wanangoja makuta ya masomo ya watoto. Tangu siku ile sitazami alama hiyo kama kitu kidogo.

Maneno manne ya kujua

Latitudi inasema uko mbali kiasi gani na mstari wa ikweta, kaskazini ao kusini. Kaskazini namba haina alama. Kusini inapata alama ya kutoa (-). Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunapaswa kuwa na angalisho kuliko wengine, sababu ikweta inapita kwetu, kati ya Butembo na Lubero. Beni na Butembo ziko kaskazini ya mstari: hakuna alama. Lubero, Rutshuru, Goma, na Kivu ya Kusini nzima ziko kusini: alama ni ya lazima. Koperative yenye wanamemba pande zote mbili za ikweta itakuwa na namba za aina mbili ndani ya orodha moja.

Longitudi inasema uko mashariki ao magharibi kiasi gani. Kwetu Kivu ni karibu 28 ao 29, daima bila alama.

Nukta ni mahali pamoja: mlango wa depo, kituo cha kuoshea kahawa, katikati ya shamba.

Poligoni ni mipaka yenyewe: mfuatano wa nukta kwenye pembe za shamba, unaozunguka na kurudi pale ulipoanzia.

Kuhusu vipimo, mkumbuke hesabu moja tu: kwetu karibu na ikweta, digrii moja ni karibu kilometa 111, ukienda kaskazini ao ukienda mashariki. Basi namba yenye tarakimu 2 nyuma ya nukta inakuonyesha mahali kwa kilometa moja hivi. Yenye tarakimu 4, kwa metre 11. Yenye tarakimu 6, kwa sentimetre 11. Lakini simu zetu hazina uhodari wa sentimetre: mara nyingi zinakosea metre 3 mpaka 10. Tunaandika tarakimu 6 sababu zinaombwa, bila kujidanganya kama ni sahihi mpaka hapo.

Namna mbili za kuonyesha eneo la mradi mzima

Namna ya kwanza ni mstatili wa mipaka. Unatafuta namba nne tu kati ya nukta zote za wanamemba: latitudi ya juu kabisa (kaskazini), ya chini kabisa (kusini), longitudi kubwa kabisa (mashariki) na ndogo kabisa (magharibi). Namba hizo nne zinachora sanduku ambalo mashamba yote yako ndani yake. Ni rahisi, inaandikwa kwa mstari moja, na mtu anayetafuta miradi ya eneo fulani ataipata dosie yenu upesi.

Lakini sanduku linachukua na vitu visivyo vyenu. Tuseme koperative iko na wanamemba upande wa Kyondo mlimani, na wengine upande wa Kasindi karibu na mpaka wa Uganda. Sanduku lao litameza kipande cha Parc ya Virunga, hata kama hakuna mwanamemba hata moja anayelima ndani ya parc. Anayetazama sanduku hilo peke yake atasema: «Hawa wanalima ndani ya eneo linalolindwa.» Parc hiyo ilianzishwa mwaka 1925 na mipaka yake inajulikana dunia nzima, mtu hatahitaji kufika kwenu ili awashitaki.

Namna ya pili ni poligoni ya eneo: mstari unaofuata mahali mnapofanya kazi kweli, kilima kwa kilima. Kama mashamba yako makundi mawili yaliyoachana, mnachora poligoni mbili, si moja kubwa. Shauri langu: andikeni vyote viwili. Mstatili kwa kutafutiwa, poligoni kwa kuaminiwa.

Mambo nane ya kuandika ndani ya fishi

1. Majina ya mahali kwa mfuatano: provensi, teritwari, shefferi ao sekta, grupama, kijiji. Msiruke hata ngazi moja.
2. Namba nne za mstatili: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi.
3. Jina la faili yenye poligoni, na mahali inapowekwa: simu gani, ordinatere gani, na kopi iko wapi.
4. Aina ya vipimo: «WGS 84, digrii za desimali». WGS 84 ndiyo mfumo ambao GPS ya simu inatumia. Bila neno hilo, mwingine anaweza kusoma namba zenu kwa mfumo mwingine na kusogeza mashamba yenu.
5. Tarehe ya kupima.
6. Nani alipima, na kwa chombo gani.
7. Kosa la chombo kwa metre, kama simu ilivyoonyesha.
8. Nani ana ruhusa ya kuona namba hizi. Nitarudi kwenye jambo hili.

Kwa kila shamba mnaongeza namba ya mwanamemba, zao, eneo kwa hekta, na mwaka shamba lilipoanza kulimwa. Mwaka huo ni wa maana kwa sababu ya ile tarehe 31 Desemba 2020.

Kupima shamba: hatua kwa hatua

Siku moja mbele, mwenye shamba anawaita majirani wote wanaopakana naye. Mama mjane aje yeye mwenyewe ao na mtu aliyemchagua, asiwakilishwe na shemeji aliyejichagua. Kama kuko mtu mkubwa wa kijiji anayejua mipaka ya zamani, naye aitwe.

Asubuhi washeni GPS nje, chini ya mbingu wazi, mngoje dakika chache. Chini ya migomba mingi ao kwenye bonde lenye kuta ndefu, simu inakosea zaidi. Programu kama KoboCollect inaonyesha kosa kwa metre na inafanya kazi bila intaneti, kisha mnatuma mkifika penye rezo. Msikubali nukta kabla kosa halijashuka metre 5 ao karibu na hapo.

Zungukeni shamba kwa upande moja, bila kukata katikati. Kwenye kila pembe simameni, ngojeni namba itulie, ndipo mchukue nukta. Kwa shamba dogo, njia hii ya kusimama kwenye pembe ni bora kuliko kutembea huku simu inachukua nukta yenyewe. Angalia hesabu: shamba la metre 30 kwa 40 ni metre za mraba 1200, ni kusema hekta 0.12. Simu ikiongeza metre 5 kwa kila upande, inakuwa 35 kwa 45, sawa na 1575. Umekosea karibu theluthi moja.

Theluthi hiyo si mchezo. Shamba likiandikwa kubwa kuliko lilivyo, mavuno yako yataonekana machache, na unaweza kupewa mbegu ao mbolea ya hesabu isiyo yako. Likiandikwa dogo, kilo zako zitaonekana nyingi kuliko udongo unavyoweza kuzaa, na watu watauliza kama unachanganya kahawa iliyonunuliwa pembeni. Kwa hiyo, shamba dogo mlipime tena kwa kamba ao desametre na mlinganishe.

Nukta ya mwisho lazima iwe ile ile ya kwanza; hapo poligoni imefungwa. Ikiwa mstari unajikata na kufanya umbo la namba 8, kuko pembe mliyoruka mfuatano wake. Rudieni.

Makosa manne yanayorudia kila mara

Kusahau alama ya kutoa. Chukueni shamba la Lubero lenye latitudi -0.135200. Bila alama linakuwa 0.135200, kaskazini ya ikweta. Tofauti ni 0.2704, mara 111, ni kilometa 30. Ndilo kosa langu lile.

Kugeuza mfuatano. Kwa mdomo tunazoea kusema latitudi kwanza. Lakini faili ya aina ya GeoJSON, ambayo wanunuzi wengi wanaomba, inaandika longitudi kwanza. Mtu akigeuza, shamba la Butembo linaenda kwenye latitudi 29 na longitudi 0: ni katikati ya jangwa la Sahara, nchi ya Algeria. Mkiona mashamba yenu kwenye mchanga, mjue ni mfuatano uliogeuka.

Kuchanganya dakika na desimali. Simu zingine zinaonyesha 0°07'30". Hiyo si 0.0730. Gawanya dakika kwa 60 na sekonde kwa 3600, kisha jumlisha: 7 ÷ 60 = 0.116667, na 30 ÷ 3600 = 0.008333. Jumla 0.125000. Aliyeandika 0.0730 amesogeza shamba karibu kilometa 6.

Mkato pahali pa nukta. Shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa kuandika desimali kwa mkato, 0,125. Ordinatere yenye Excel ya Kifaransa inafanya vile vile. Lakini mahali pengi mkato unatenganisha namba mbili, basi 0,125 inasomwa kama namba mbili: 0 na 125. Kwa vipimo vya mahali, tumieni nukta daima.

Poligoni si hati ya ardhi

Hapa nawaomba mniskie vizuri. Kufuatana na sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni wa Serikali, na haki ya mtu juu yake inahakikishwa kwa cheti cha usajili kinachotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Zaidi ya hapo kuko udongo ambao jamaa zinakaa na kulima kwa desturi, chini ya wachefu. Mstari mliochora kwa simu hauko cheti, wala haupitishi neno la desturi. Unasema tu: «Siku hii, mtu huyu alionekana analima hapa.»

Hata hivyo watu wanaweza kuutumia vibaya. Jirani akiona namba zako zimepita mtaro, atadhani unatafuta kumnyanganya. Ndiyo maana majirani wawepo siku ya kupima. Mahali kuna matata ya mpaka, msichore mstari wa kumpa mmoja ushindi. Chukueni nukta moja katikati ya sehemu isiyo na matata, andikeni «mpaka haujakubaliwa», na muache wazee wamalize mashauri. Fishi iliyo na ukweli nusu ni bora kuliko fishi kamili inayoleta mapanga.

Kulinda namba na majina

Wote tunajua tunaishi wapi. Orodha yenye jina la mtu, simu yake, shamba lake na kilo za kahawa yake ni kitu cha kulindwa kama pesa. Ikianguka mikononi mwa watu wabaya, wanajua nani wa kumfuata na siku gani ya mavuno.

Kwa hiyo tengenezeni orodha mbili. Ya kwanza iko na namba ya mwanamemba na poligoni, bila jina: hii ndiyo inayotumwa. Ya pili inaunganisha namba na jina: inabaki kwa sekretere na kopi moja kwa prezidenti, imefungwa kwa neno la siri. Msitume orodha nzima ndani ya grupe ya WhatsApp. Na mbele ya kupima, mwanamemba aelezwe namba zitaenda kwa nani na kwa kazi gani, halafu akubali ao akatae. Mkataba na mnunuzi ao mfadhili useme wazi kwamba namba ni mali ya koperative, na kwamba koperative inabaki na kopi. Si vizuri mradi uishe na ramani ya mashamba yenu iondoke na gari.

Shamba likigawanywa kwa watoto ao likiuzwa, msifute poligoni ya zamani. Iacheni na tarehe yake, ongezeni mpya na tarehe mpya. Siku mtu atauliza kahawa ya mwaka ule ilitoka wapi, mtakuwa na jibu.

Zoezi la kikundi

Koperative ya mfano iko na nukta nne za pembeni kabisa, latitudi kwanza:
A: 0.141200, 29.287100
B: 0.083500, 29.331000
C: -0.024000, 29.265500
D: 0.051800, 29.240300

1. Andika namba nne za mstatili.
2. Mstatili una urefu na upana wa kilometa ngapi?
3. Wanamemba ni 300, kila moja na nusu hekta. Mashamba yao ni sehemu gani ya mstatili?
4. Nukta gani iko kusini ya ikweta?

Majibu. (1) Kaskazini 0.141200, kusini -0.024000, mashariki 29.331000, magharibi 29.240300. (2) Urefu: 0.1652 mara 111, kilometa 18 na kidogo. Upana: 0.0907 mara 111, kilometa 10. (3) Mstatili ni karibu kilometa za mraba 184, ni kusema hekta 18 400. Mashamba ni hekta 150, hayafiki hata sehemu moja kwa mia. Hapo mnaelewa sababu sanduku peke yake halitoshi. (4) Nukta C, kwa alama yake ya kutoa.

Kazi ya mwezi huu: kila kikundi kifungue dosie moja ya mradi, kitazame mstari wa «Mahali», na kiandike yale mambo nane. Anzeni na depo na kituo cha kuoshea kahawa, kisha mashamba kumi ya wanamemba waliokubali. Mkimaliza, fungueni namba zenu kwenye ramani ya simu, na muulize mwenye shamba: «Hapa ni kwako?» Asipopatambua, msitume. Rudini shambani mkapime tena.

Kazi njema na mavuno mema.